Mwanao anakwenda kwenye majaribio? Kaa mbali na uzio

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Ni mama mmoja ambaye huwa anasoma ninayoandika. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Jumamosi binti yangu wa miaka 12 ana majaribio ya kikapu kwenye akademi kubwa. Watoto ni wengi, nafasi 10 tu. Yeye analala fofofo, mimi usiku wa tatu huu sipati usingizi. Nimwambie nini? Na mimi nikifika pale nifanye nini?"

Nikaanza kumjibu hapohapo gizani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mke wangu akageuka, akataka kujua ni nani huyo wa saa sita usiku. Nikampa simu. Akasoma, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Mwambie ulivyofanya wewe mwaka jana." Akavuta shuka, akalala.

Basi dada yangu, nakujibu hapa hadharani, maana najua hauko peke yako. Anayefungua makala kama hii ana mtoto mwenye kipaji nyumbani, na ameshajiona, tena si mara moja, amekaa jukwaani huku jina la mwanawe likitajwa kwenye kipaza sauti. Tusioneane haya. Sote tumo.

Jibu fupi ni hili: kaa mbali, nyamaza. Ukitaka unaweza kuishia hapa. Jibu refu lina aibu yangu ndani yake.

Mwaka jana kijana wangu alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 13. Habari za miaka ya kumpeleka mazoezini na kumsubiri, na begi la soksi mbichi kwenye buti la gari, sizisimulii, unazo zako. Akaalikwa kwenye majaribio ya akademi moja ya soka ambayo jina lake nalihifadhi. Ni zile akademi ambazo ukisema mwanao anachezea pale, watu wanageuza viti wakusikilize vizuri. Watoto 120, nafasi 8. Asubuhi kila mtoto alipewa kizibao chenye namba, na kuanzia hapo jina halikutumika tena. Wangu akawa 31.

Wazazi tukawekwa nyuma ya uzio wa waya, jua usoni. Haikupita nusu saa nasi tukapoteza majina. Aliyesimama kushoto kwangu akawa Baba Saba, kulia Mama Sitini na Nne, mimi Baba Thelathini na Moja. Tulichekeana kwa meno yote, huku kila mmoja akiomba mtoto wa mwenzake ateleze.

Namba 7 alikuwa na kivuli cha masharubu. Mabega yamejaa, sauti imeshavunjika, akimwita mwenzake "Leta!" unageuka ukidhani ni kocha. Wangu, kizibao kilimfika karibu na magoti, ikabidi akichomekee ndani ya bukta.

Nilikuwa nimejiahidi kutotoa neno. Ahadi hiyo ilidumu hadi zoezi la kwanza la koni.

Nilianza na "vizuri, vizuri". Kisha "usiogope". Mechi ndogo za saba kwa saba zilipoanza nilikuwa nimeshika waya kwa mkono mmoja, mkono mwingine unarekodi kwa simu, na mdomo ulikuwa umeshaacha kunitii. "Fungua! Rudi! Mpe, mpe, mpe! Piga!" Kuna wakati nilimwambia apige na atoe pasi kwa pumzi moja. Mtoto akajaribu vyote viwili. Mpira ukaenda kwa mtu ambaye hayupo.

Kuna tukio moja nataka ulione vizuri, kwa sababu nitalirudia. Beki wa kushoto wa timu yake aliunasa mpira, akainua kichwa. Kijana wangu alikuwa katikati, amejitenga, ana nafasi ya kutosha mbele yake. Pasi ikaja ya chini, safi kabisa. Kabla haijamfika aligeuza shingo haraka, akarudisha macho kwenye mpira, akautuliza kwa mguu wa kulia, na papo hapo Namba 7 akamtokea mgongoni, akaondoka na mpira pamoja na nusu ya kizibao. Wangu akaanguka kifudifudi. Alipoinuka alikuwa na nyasi zimemganda shavuni. Nilikuwa bado napiga kelele "Amka! Amka!" na yeye ameshaamka.

Jioni kocha mkuu alisoma namba nane. Nilizihesabu kwa vidole. 7 ilisomwa ya pili. 31 haikusomwa.

Mtu mwenye busara angemshika mwanawe mkono akaondoka. Mimi nilimfuata kocha. Alikuwa mtu mpole, amechoka, sauti imemkauka. "Mwalimu, samahani, mimi ni baba yake 31." Akapekua karatasi, akateremsha kalamu hadi akafika. Akanyoosha kiganja, akakilaza usawa wa kifua chake. "Bado mdogo, mzee." Kisha akasoma kitu alichokuwa amekiandika. "Halafu hatazami. Mpira unamfika hajui nyuma yake kuna nani."

Kile kiganja sijakisamehe. Nakiri. Mwaka umepita, nikipiga mswaki asubuhi bado nakiona. Lakini siku hiyo lililonichoma zaidi lilikuwa lile la pili. Hatazami? Mtoto huyu nimemwona kwa macho yangu akigeuza shingo mchana kutwa kama bundi! Nikamwambia hivyo. Nikamwambia ninayo video. "Video hata sisi tunazo, mzee," akasema taratibu, akaniaga.

Mwanangu alikuwa hatua tano nyuma yangu na begi lake. Alisikia yote.

Garini nikafanya kosa la pili, na hili akina baba tunalifanya kwa nia njema kabisa: nikatoa hotuba ya waliokataliwa. Unaijua hotuba hiyo. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto, leo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya England. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu za kwao Ufaransa kwa sababu ya ufupi, hadi Real Sociedad ya Hispania ikamchukua, na mwaka 2018 akabeba Kombe la Dunia. Luka Modrić, klabu ya Hajduk Split ya kwao Croatia ilimwona mdogo na dhaifu. Mwaka huohuo wa 2018 akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Sadio Mané amesimulia mwenyewe alivyofika kwenye majaribio Dakar, mzee mmoja akavitazama viatu vyake vilivyochanika, akamuuliza kama kweli amekuja kucheza na hivyo. Nikampa na Michael Jordan, kwa ile namna inayosimuliwa kila mahali, kwamba alifukuzwa kwenye timu ya shule. (Hakufukuzwa. Mwaka 1978 aliwekwa timu ya wadogo, nafasi kwenye timu kubwa akapewa rafiki yake aliyekuwa mrefu zaidi. Nilikuja kusoma baadaye, nikamwomba mtoto radhi kwa hilo pia.)

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, macho yako dirishani: "Baba, na wale waliokataliwa wakaishia hapohapo, mbona huwataji?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Usiku, nyumba imelala, nilikaa mezani na simu yangu. Nia yangu ilikuwa mbaya, sifichi: nilikuwa natafuta ushahidi. Nilitaka kukata vipande vyote vinavyomwonyesha akigeuza shingo, niviunganishe, nimtumie yule kocha avione. Nikachukua kalamu, na nyuma ya bahasha nikawa napiga kijistari kila anapogeuka. Kama kwenye kijistari cha tisa nikaanza kusikia kitu. Kabla ya kila kijistari kulikuwa na sauti ya mtu. "Fungua!" na shingo inageuka. "Rudi!" na shingo inageuka. Nikarudisha nyuma, nikakuza picha kwa vidole viwili hadi uso wake ukajaa kwenye kioo. Macho hayaendi kwa beki anayemjia. Hayaendi kwa winga aliye huru. Yanakuja moja kwa moja kwenye kamera.

Ile pasi safi? Sekunde moja kabla haijamfika, namsikia mtu anasema "Geuka nayo!" Mtoto akageuka, akanitazama mimi. Namba 7 alikuwa anakuja kutoka upande wa pili.

Vijistari vilifika 41, kwenye dakika 28 za kucheza. Nikavihesabu tena, vikawa 41 vilevile. Kocha alisema kweli. Kijana hakuwa akitazama uwanja, alikuwa akimtazama baba yake.

Suala hili la kutazama si dogo, na kama mwanao anacheza mchezo wowote ambao adui anatokea mgongoni, lifahamu. Kuna profesa wa Norway anaitwa Geir Jordet, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akihesabu wachezaji wanavyogeuza vichwa kabla mpira haujawafika. Kazi yake inaonyesha kuwa wanaotazama mara nyingi zaidi ndio ambao pasi zao hufika zaidi, na katika Ligi Kuu ya England, Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakigeuza kichwa sana. Mimi Lampard nilimtazama kwa miaka nikidhani ana bahati, kila mara mpira unamkuta mahali pazuri. Kumbe ni shingo. Yule skauti, msaka vipaji aliyesimama pembeni na daftari, hatafuti chenga peke yake. Anaitazama shingo ya mtoto. Sasa piga hesabu: kabla ya pasi kufika mtoto ana muda wa kutazama mara moja, mbili kwa bahati, na ile moja anaitumia kuhakikisha kama baba kakasirika.

Ndugu mzazi, hujamsaidia. Najua unadhani unamsaidia. Hata mimi nilidhani. Mimi baba yangu hakuja kunitazama hata siku moja, nikaapa kwamba mwanangu hatayajua hayo, kwamba mimi nitakuwepo, tena nitasikika. Wala sikuwahi kujiuliza kwamba baba hakuja, na nilicheza vizuri tu.

Turudi kwenye kile kiganja. Kwa kuwa sijakisamehe, nilikisomea.

Akademi nyingi za soka hupanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, hesabu inaanzia 1 Januari. Wa mwanzo wa Januari na wangu wa mwisho wa Novemba wanaitwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi kumi na moja, na katika umri ule miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa hoki ya barafu nchini Kanada: waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Kwenye soka ikaonekana hivyohivyo. Ubelgiji walikuwa wakihesabu kuanzia 1 Agosti, na kwenye vikosi vya vijana watoto wa Agosti na Septemba walikuwa wamejaa. Mwaka 1997 wakahamia 1 Januari. Haukupita muda, wenye vipaji wakawa ni wale wa Januari na Februari! Watoto ni walewale, kilichobadilika ni kalenda. England wao wanafuata mwaka wa shule unaoanza Septemba, na huko anayeonewa ni wa Julai na Agosti. Kane, yule ambaye Arsenal walimwacha, ni wa Julai.

Juu ya hapo kuna kurefuka kwenyewe. Wavulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 14 hivi, wasichana 12 hivi, lakini mmoja anaweza kuwahi mwaka au miwili na mwenzake akachelewa vilevile. Ndiyo maana unakuta Namba 7 ana masharubu na Namba 31 anachomekea kizibao. Baadhi ya akademi za klabu za England zimejaribu kuwachezesha watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, ili wadogo waonyeshe akili zao na wakubwa wajifunze kuishi bila kutegemea mabega. Ningependa yule kocha ayasome haya. Inawezekana ameshayasoma.

Na hapo nikaharibu tena. Mwezi mzima nilikuwa nikimweleza kila mtu, ndugu, majirani, watu wa kazini, "Unajua huyu ni wa Novemba." Nikawa kama mwanasheria mwenye ushahidi mmoja. Siku moja nimeenda kumchukua mazoezini, nikamkuta amepokonywa mpira mguuni, mwenzake anamlalamikia, naye anajibu bila hata kuona haya: "Mimi ni wa Novemba." Nililiacha siku hiyohiyo neno hilo. Tarehe ya kuzaliwa ni ya kuwaambia makocha, tena kwa upole. Mtoto usimpe. Ataivaa.

Kidogo nisahau jambo jingine la mwaka jana. Baada ya yale majaribio mtu mmoja alinifuata kwenye maegesho, suti imemkaa vizuri, akaniambia kijana huyu anamwona Ulaya, yeye ana watu wake huko, kinachohitajika ni pesa kidogo ya karatasi. Dada yangu, wewe ni wa kikapu lakini wasomaji wa soka wasikie: kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha kutoka nchi moja kwenda nyingine mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu soka. Nilimuuliza kuhusu kanuni hiyo. Akapokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Sasa mwaka huu. Wiki tatu zilizopita, akademi nyingine, watoto 90, nafasi 10. Nilimwambia mke wangu mimi siendi, aende yeye. Akasema ana zamu, na fomu inataka mzazi asaini. Basi nikaenda.

Tulifika mapema. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumwambia getini, nimeifanyia mazoezi bafuni siku mbili. Ilikuwa nzuri sana sentensi ile. Nikaimeza. Nikampa begi, nikasema, "Nitakuwa kule nyuma, penye bomba la maji." Akasema, "Sawa, Baba," akaenda.

Penye bomba la maji huoni chochote. Kuna ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo na ndoo ya plastiki isiyo na mpini. Lakini unasikia kila kitu. Filimbi. Kishindo cha mpira uliopigwa vizuri, ambacho ni tofauti na cha uliopigwa vibaya. Na wazazi! Sijawahi kuwasikia wazazi namna ile, kwa sababu miaka yote nilikuwa mmoja wao. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha maneno, inakuwa mvumo mmoja wa hasira, na mtu asiyejua angedhani watoto wamefanya kosa kubwa.

Nilikaa pale saa mbili na robo. Nilinawa mikono mara nne. Mlinzi akaja kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Mara moja nilishindwa. Nilitembea hadi pembe ya ukuta, nikachungulia kwa jicho moja kama mdokozi. Alikuwa mbali, amenipa mgongo, namba 12. Kipa alikuwa anaanzisha. Mpira ukiwa bado hewani nikamwona akigeuza shingo kushoto. Kushoto hapakuwa na aliyemwita. Akageuza kulia. Kulia kulikuwa na mtoto mmoja anakuja mbio kumkaba, na wangu akamwona, akaacha mpira upite kwenye mguu wa nje, akabaki peke yake na uwanja mzima mbele. Alichofanya baada ya hapo sikijui. Nilirudi bombani, maana nilihisi mdomo unafunguka.

Safari hii walisoma majina, si namba. La kwake lilikuwa la tisa. Sitajifanya mnyenyekevu: nilipiga simu kwa watu kumi na mmoja kabla hajamaliza kufungua kamba za viatu. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, ambaye mwaka jana alisema mpira una wenyewe.

Mke wangu ana maelezo yake. Anasema mtoto amechukuliwa kwa sababu amerefuka sentimita 9 tangu mwaka jana, mambo ya bomba la maji ni hadithi zangu. Kwenye fremu ya mlango tunapompimia alama zipo, siwezi kubisha. Kile kiganja leo kingemgonga kwenye paji la uso. Lakini urefu haufundishi shingo kugeuka, na hilo hata yeye hajalijibu.

Njiani sikuuliza kitu. Nilitamani! Nilikuwa na maswali kama ishirini. Tulikwenda kimya, akafungua redio, akaizima. Halafu mwenyewe akasema, "Nilikutafuta mara moja, mwanzoni. Sikukuona. Basi."

Kwa hiyo dada yangu, Jumamosi. Mpeleke, mpe begi lake, tafuta bomba lako la maji. Ukumbi wa kikapu ni mdogo na sauti inadunda ukutani, kwa hiyo wewe ndio unatakiwa kuwa mbali zaidi kuliko mimi. Toka nje kabisa ikiwezekana. Usirekodi. Mwekee jozi ya pili ya kamba za viatu, maana kamba hukatika siku hiyo na si siku nyingine. Usimfuate kocha jioni ile hata akisoma vibaya jina la binti yako. Mwandikie baada ya siku tatu, utashangaa maneno uliyotaka kumwambia yamepungua. Na unyamaze.

Kwa umri wa binti yako kuna jambo moja zaidi. Miaka 12 kwa msichana ndipo mwili unapokimbia. Mikono inarefuka kabla kichwa hakijapata habari, na mpira aliokuwa akiudaka mwaka jana bila kutazama unamponyoka leo. Ukiona hivyo usifikiri kipaji kimeondoka, na usimwambie "mbona zamani ulikuwa unaweza". Akilalamika maumivu ya chini kidogo ya pia ya goti, usimwambie ajikaze wala usimwite mvivu; watoto wanaokua kwa kasi na kurukaruka sana huumwa hapo, mpeleke daktari amtazame. Mimi wangu nilimwambia ajikaze. Miezi miwili.

Kuhusu la kumwambia usiku wa Ijumaa: si umeniambia analala fofofo? Mwache alale. Asiyelala ni wewe, na wewe hufanyi majaribio. Wazazi tumefika mahali tunawabebesha watoto mzigo kisha tunawalaumu kwa kutembea wameinama. Tunasema ni ndoto yake, lakini anayekesha ni sisi, anayejua majina ya maskauti ni sisi, anayekumbuka kiganja mwaka mzima ni sisi. Mtoto alishasahau. Nilimuuliza wangu juzi kama anamkumbuka yule kocha wa mwaka jana. Akaniuliza, "Yupi?"

Anachokumbuka ni video. Mwezi uliopita aliniomba niifute, alisema haipendi, hakutaja kwa nini, na sidhani kama ameiona yote. Nikamwambia nimeifuta.

Ipo. Niliihamishia kwenye kompyuta, kwenye folda ya risiti za zamani ambako hafungui mtu. Nilikuwa nikijidanganya kwamba naitunza kwa ajili ya yule kocha. Huwa naifungua mara mojamoja usiku, naruka hadi dakika ya 17, kwenye ile pasi. Nikizima sauti, anacheza vizuri sana.